Tunajua Mtoto Amefika Sura Gani Madrasa, Shuleni Je?



Ndugu zetu wazazi, walezi na wanafunzi wa Rumonge, Minago, Kigwena, Nyanza-Lac na ufuo wote huu wa Tanganyika, leo tunapenda kuzungumza nanyi jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, lakini ndani yake wamo watoto wetu.

Mwulize mama yeyote katika mitaa yetu ya Waswahili mwanawe amefika wapi madrasa. Atakujibu hapo hapo, mikono yake ikiwa bado imo kwenye ndagala: "Yupo Abasa," au "Kamaliza Juzuu Amma, sasa kaingia Tabaarak." Atakutajia hata aya inayomsumbua. Kisha mwulize mama huyo huyo, kuhusu mtoto huyo huyo: je, wiki hii shuleni amefundishwa nini katika hesabu? Atatulia kidogo, halafu atasema, "Anasoma, alhamdulillah."

Wapo wanaosema kwamba hii ni dalili ya Waislamu kujali dini na kupuuza elimu ya dunia. Maneno haya tumeyasikia mno, na hatuyakubali. Mama huyo ndiye anayekaa juani na chupa za mafuta ya mawese ili mtoto apate kaye, kalamu na sare. Kama angepuuza shule asingetoa faranga zake. Na dini yenyewe haikutenganisha, maana amri ya kwanza iliyomshukia Mtume (s.a.w.) ilikuwa ni amri ya kusoma. Tofauti ipo kwingine kabisa. Madrasa inatoa habari zake nyumbani kila siku, na shule haitoi.

Tazameni jinsi madrasa inavyofanya, bila karatasi na bila mkutano. Zamani mtoto alirudi na ubao, leo anarudi na msahafu au daftari, lakini kazi ni ile ile: alichosomeshwa leo atakirudia nyumbani kwa sauti, kwa sababu kesho atasikilizwa. Nyumba nzima inasikia. Bibi asiyejua herufi hata moja anasikia mahali mtoto anapokwama, kwa kuwa sura yenyewe anaijua kwa sikio. Mtoto akikwama siku tatu mahali pamoja, maalim atamwona baba yake msikitini na atamwambia. Akikamilisha juzuu, jirani watajua kwa harufu ya kinachopikwa. Hivyo mzazi yumo ndani ya somo tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama yeye mwenyewe hakusoma.

Sasa tazameni shule. Mtoto anarudi na kaye imefungwa mkobani. Habari zinakuja mara tatu kwa mwaka, kwenye buletini, nazo zinakuja kwa tarakimu: pointi kadhaa katika Kirundi, kadhaa katika Kifaransa, kadhaa katika hesabu, na nafasi yake darasani, wa arobaini na ngapi kati ya themanini. Mzazi anaambiwa mtoto ameshindwa hesabu. Ameshindwa nini ndani ya hesabu? Kutoa kwa kukopa? Kugawanya? Au hesabu anazijua ila hajui kusoma swali? Buletini haisemi. Na ile ya mwisho wa mwaka ikifika, hakuna tena cha kufanya ila kurudia darasa.

Kurudia darasa ni ugonjwa wa zamani wa shule za Burundi, na sisi wa ufuoni tunajua unaishia wapi. Mvulana akirudia mara ya kwanza, huona haya. Akirudia mara ya pili amekuwa mrefu kuliko wenzake, na ziwa linamwita. Msichana huambiwa akae nyumbani amsaidie mama kwanza, na "kwanza" hiyo huishia kwenye ndoa ya mapema. Hatusemi kwamba karatasi ya kila wiki ingewaokoa wote. Tunasema kwamba wengi wao walianza kupotea kwenye wiki moja ya mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kwa somo moja ambalo hakuna mtu nyumbani aliyejua kuwa limefundishwa.

Na watoto wa ufuoni wana sababu zao za kukosa somo hilo moja. Wavuvi wetu hutoka na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa vyombo hupumzika. (Hakuna watu wanaoutazama mwezi kama sisi: tunauangalia kwa ajili ya funga, na tunauangalia kwa ajili ya ndagala.) Katika zile wiki za giza, ikiwa ziwa limetoa, watoto huitwa alfajiri kusaidia kubeba na kuanika. Mtoto anakosa siku moja, wiki inayofuata anakosa nyingine. Mzazi anaona ni siku moja tu. Hajui kwamba siku hiyo ndiyo mwalimu alianza kugawanya, na kwamba yatakayofuata yote kwa mwezi mzima yamesimama juu ya siku hiyo. Laiti angejua, pengine angemwita mwingine abebe ndoo.

Lipo pia jambo la lugha, na hapa tungependa tukae kidogo.

Kwa utaratibu wa nchi yetu, mtoto hufundishwa kwa Kirundi tangu darasa la 1 hadi la 4, huku Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza vikiwa ni masomo. Anapoingia darasa la 5, Kifaransa kinageuka kuwa lugha ya kufundishia. Ndipo wazazi wengi wanapoachwa nyuma kwa mkupuo mmoja. Baba ambaye mwaka jana aliweza kuchungulia kaye na kuelewa, mwaka huu anaona maandishi asiyoyajua, anaifunga na kumrudishia mtoto. Anaamini kwamba elimu imempita.

Lakini haikumpita! Fikirini mvuvi wetu wa kawaida. Chombo kinaporudi asubuhi, mapato ya usiku yanahesabiwa, zinatolewa gharama za mafuta na taa, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia, kila mtu na fungu lake, na hakuna anayekubali kupunjwa hata faranga mia. Mtu huyu anajua nusu, robo na theluthi kuliko kitabu. Mwanawe yuko darasani anafundishwa hayo hayo kwa Kifaransa, na hayajamwingia. Mwalimu yumo chumba kimoja, mwalimu wa pili yuko ufukweni anatengeneza nyavu, na mtoto anatembea kati yao kila siku bila mmoja kujua anachofanya mwenzake. Lingekuwepo neno moja tu kwa Kirundi au kwa Kiswahili, kwamba wiki hii darasa la 5 linajifunza mafungu ya namba, baba angemwita mtoto na kumwambia: njoo, tugawe samaki.

Na tusisahau historia yetu. Mwaka 1972 Rumonge na Nyanza-Lac ziliumia sana, na maelfu walivuka kwenda Tanzania. Wengi walikaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa zaidi ya miaka 30, wakazaa na kusomesha huko, na waliporudi kwa wingi tangu mwaka 2008 walirudi na Kiswahili cha shule za Tanzania. Wamo wanaosoma gazeti na kuandika barua bila taabu, wala hawajawahi kukaa kwenye dawati la Kifaransa hata siku moja. Kumwita mtu kama huyo "mzazi asiyejua kusoma" ni dhuluma. Anajua kusoma. Hajaandikiwa tu.

Mtu atasema: shule ni ya serikali, walimu wamesomea kazi yao, sisi wazazi tunaingiliaje? Tumkumbushe kwamba serikali ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2005, madarasa yalifurika, na vyumba vilivyojengwa baada ya hapo vingi vilijengwa kwa mikono ya wananchi katika kazi za maendeleo za Jumamosi. Tulibeba matofali, tulisogeza mawe, akina mama walichota maji ya kukorogea udongo. Aliyeaminiwa kujenga ukuta anaweza kuaminiwa kujua kinachosemwa ndani yake.

Wapo vilevile wanaowahurumia walimu, na hao tunawaelewa vizuri zaidi. Darasa la watoto 80 si hadithi huku kwetu. Shule nyingi zinafundisha kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, na mwalimu huyo huyo anarudi nyumbani kwenye mshahara usiotosha. Kumwambia aandike barua 80 kila wiki ni kumdhulumu. Hatuombi hivyo. Kila mwalimu tayari anayo jarida la darasa, ambamo huandika kwa kila siku masomo aliyotoa, na mkaguzi akija hulidai. Habari zote tunazozitaka zimeshaandikwa humo. Zimeandikwa kwa ajili ya mkaguzi anayepita kwa nadra, na mzazi anayelala nyumba moja na mwanafunzi hazioni. Kinachotakiwa ni mistari minne kunakiliwa mara moja kwa wiki, kwa lugha ya nyumbani.

Sisi tunaona kazi ya kunakili si lazima iwe ya mwalimu. Hapa tunawageukia ninyi wanafunzi wa darasa la 7, la 8 na la 9, na ninyi wa liseo mnaosoma ukurasa huu. Tangu mageuzi ya mwaka 2013 shule ya msingi ni miaka 9, kwa hiyo katika shule nyingi wakubwa na wadogo mko uwanja mmoja. Kifaransa mmekishika, Kirundi na Kiswahili ni vyenu. Dakika 15 za siku ya mwisho wa wiki zinatosha kwa mmoja wenu kukaa na jarida la darasa la 3, akaandika mistari minne, mwalimu akaitazama na kuipitisha. Na mtajifunza kitu kuhusu kutafsiri, ambacho mtihani haufundishi.

Je, habari za namna hii zinasaidia kweli, au ni matamanio? Tuseme yale yanayojulikana, hata yasiyotupendeza. Tangu mwaka 2009 mradi wa Uwezo ulipita nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda, vijana wa kujitolea wakimpa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la 2 aisome, na mzazi akaelezwa palepale matokeo yake. Tanzania mwaka 2011, takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la 3 waliweza kuisoma hadithi ya Kiswahili. Ilikuwa habari nzito. Lakini watafiti walipofuatilia vijiji vya Kenya, walikuta kwamba wazazi walioelezwa hali ya watoto wao na kuachiwa ushauri hawakubadilisha mwenendo wao kuliko wale wasioelezwa. Mwenye kupinga hoja yetu anaweza kuishika hii.

Basi aishike pamoja na ya Botswana. Mwaka 2020, shule zilipofungwa huko kwa ajili ya korona, nyumba zaidi ya 4,500 zenye watoto wa darasa la 3 hadi la 5 ziligawanywa makundi. Wengine walipata ujumbe mfupi kila wiki wenye hesabu chache. Wengine walipata ujumbe huo huo na juu yake simu ya dakika 15 hadi 20, mzazi na mtoto wakimsikiliza mkufunzi pamoja na kutatua hesabu moja. Simu zilikuwa za kawaida, hizi za tochi tunazozijua. Watoto waliopigiwa walisonga mbele katika hesabu. Ujumbe peke yake haukuzaa mengi.

Tukiyaweka mawili hayo pamoja, sisi tunaona hivi. Habari iliyokuja mara moja, kutoka kwa mgeni, kwamba mwanao hajui kusoma, humwachia mzazi huzuni. Habari inayorudi kila wiki, ndogo, yenye kitu cha kufanya jioni hiyo, na yenye sauti ya mtu ndani yake, hiyo ndiyo inayofanya kazi. Nayo ndiyo njia ya madrasa tuliyoieleza hapo juu, ingawa watafiti hao hawakuwa wakiifikiria madrasa.

Kwa hiyo karatasi iwe na nini? Tuchukue darasa la 3, kwa mfano tu. Hesabu: wiki hii tumejifunza kugawanya kwa 4. Kirundi: kusoma habari fupi na kusema nani alifanya nini. Kiswahili: majina ya vitu vya sokoni. Mazingira: maji safi na maji machafu. Kisha mstari mmoja chini: mwulize mtoto, kilo 12 za ndagala zikigawiwa watu 4, kila mmoja atapata ngapi, na akuonyeshe alivyopata. Basi. Haijai hata nusu ya ukurasa.

Tazameni huo mstari wa maji. Kipindupindu kimeupiga ufuo huu mara nyingi, na watu wameugua kwa kunywa maji ya ziwa ambayo hayakuchemshwa. Mtoto anafundishwa darasani namna ya kuyasafisha, anajibu swali, anapata alama yake, anarudi nyumbani na kunywa yale yale, kwa sababu aliyeshika sufuria hakusikia somo. Hapa habari ya darasa si tena suala la alama.

Ibandikwe wapi? Mlangoni mwa darasa kwanza, kisha mahali watu wanapopita: sokoni, penye bomba la maji, ufukweni wanapoanika. Msikitini pia, lakini si msikitini peke yake. Shule ni ya watoto wote, na watoto wetu wengi wanasoma katika shule zilizo chini ya kanisa, wakikaa dawati moja na watoto wa Kikristo. Nakala iende kanisani vilevile. Wenye WhatsApp wapigwe picha na watumiane, hatukatai, ila tusijenge jambo hili juu ya simu za bei, kwa maana mama tunayemtafuta hasa hana simu hiyo, au anayo na haina bando.

Na isomwe kwa sauti. Jumamosi watu wanapopumzika baada ya kazi za maendeleo, mtu mmoja asimame na kusoma mistari ya madarasa ya mtaa ule. Haichukui muda wa kunywa chai. Wapo wazee wetu wanaosoma herufi za Kiarabu tu, wapo wasiosoma chochote, na wote wana wajukuu shuleni.

Jambo moja tungetaka lizuiliwe tangu mwanzo. Karatasi hii isitaje jina la mtoto hata mmoja. Isiandike nani kaongoza wala nani kabaki nyuma. Dini yetu imetufundisha kusitiriana, na mtoto wa miaka 8 ana heshima yake. Aliyekwama, mwalimu amwite mzazi wake pembeni. Siku majina yatakapoingia, wazazi wa wale wanaoshindwa wataacha kuja kuisoma, na hao ndio tunaowahitaji zaidi.

Kwa upande wetu wazazi, tukishaijua habari, tuitumie kwa adabu. Si kwenda shuleni kumsomea mwalimu makosa yake mbele ya watoto. Mama akiona mtoto hajui kilichoandikwa, aende kwa upole aulize: mwalimu, huyu nimsaidie vipi? Wapo walimu ambao hawajawahi kuulizwa swali hilo tangu waajiriwe, na tunadhani watalifurahia.

Tungependa kuanza na madarasa ya 3 hadi 5 ya shule chache zilizo tayari, kwa muhula mmoja, kamati ya wazazi ikinunua karatasi na gundi. Akina mama wa ufukweni waingie katika kamati hiyo, si akina baba peke yao, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani alibaki kuanika na nani alikwenda shule. Na karatasi za wiki zilizopita zisitupwe. Zitobolewe, zifungwe uzi, zitundikwe msumarini nyuma ya mlango wa darasa. Mtoto aliyelala na homa wiki mbili, au aliyeitwa ziwani, atakaporudi atazikuta hapo, na wa nyumbani kwake watajua waanzie wapi.

Wabillahi tawfiq.